Boma la Mjerumani bado limesimama, tembe la babu je?

Leo tuuache mpira kidogo. Juzi nilipanda basi toka Mbeya kwenda Iringa kumsalimia mjomba, nikapata upenyo wa kutinga Makumbusho ya Boma pale mjini. Nimetoka na swali.

Kwanza tuwekane sawa. Boma lile Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi, baadaye likawa ofisi za serikali. Likakarabatiwa, na mwaka 2016 likafunguliwa kama makumbusho. Kuta zake zimeshapita miaka mia moja na bado ziko fiti.

Sasa nenda Kalenga, nje kidogo ya mji. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, yule aliyewachapa Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Oktoba 1894 wakarudi na mizinga, wakaibomoa. Leo kuna makumbusho madogo yenye fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954.

Umeona mchezo? Nyumba ya mgeni ipo, ya mwenyeji ni hadithi. Siyo kwamba wazee hawakujua kujenga. Tembe la Kihehe ni miti, fito na udongo, hadi paa ni udongo. Mvua ikilichapa, lazima likandikwe upya. Likikosa mtu wa kulitunza, linarudi ardhini. Kwa hiyo cha kuhifadhi hapa siyo ukuta tu, ni ujuzi.

Ndiyo kazi ya makumbusho hai. Mfano ni Kijiji cha Makumbusho kule Dar, cha tangu miaka ya 1960. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia mpaka ndani, na ngoma zinachezwa. Nyumba ikichoka, lazima aitwe anayejua kuijenga. Bila fundi, hakuna makumbusho.

Nikamuuliza mjomba, kijijini kwetu nani anajua kuezeka tembe? Akataja wazee watatu. Akanyamaza kidogo, akasema wawili tulishawazika.

Huyo wa tatu nilimfuata kesho yake, nikamrekodi kwa simu saa nzima. Jamani, kuna namna ya kupanga fito ambayo sikuwahi kuiona popote.

Wadau wa Mbeya, Rungwe, Chunya: kwenu amebaki nani? Usisubiri mfadhili. Mfuate mzee wako wikiendi hii, halafu utupe maoni hapo chini.