Mikono Ikigusa Chini, Hiyo Si Samasoti

Pita Kaloleni, Jericho ama Kariobangi jioni, hasa shule zikifungwa, utapata watoto wamezika tairi kuukuu nusu mchangani. Mmoja anakuja mbio, analikanyaga, anapinduka hewani, wenzake wanapiga mayowe. Uliza hiyo inaitwaje. Samasoti. Na yule aliyeweka mikono chini kwanza? Samasoti pia.

Hapo ndipo nabishana na mtaa. Kwa samasoti mikono haigusi kitu. Unajikunja kama mpira na kuzunguka hewani. Hendispringi inapitia mikononi: unatupa viganja chini, miguu inapita juu ya kichwa, mabega yanasukuma ardhi, unaruka tena kabla ya kutua kwa miguu. Kamusi ina kichwangomba, lakini nalo ni la kupinduka tu, halisemi lolote kuhusu mikono. (Na jaribu kulisema kwa base uone vile watakucheka.)

Unaweza sema jina ni jina tu. Sawa, lakini kwa samasoti unakunja magoti, kwa hendispringi mwili unakaa mrefu. Dogo akiambiwa "ruka samasoti" atajikunja, hata kama mwalimu alimaanisha ile nyingine.

Siri yenyewe ni viwiko. Wengi hudhani ni nguvu ya mikono, kwa hivyo wanakunja viwiko kama wanapiga presapu. Ukikunja, mikono inalegea, kichwa kinashuka, shingo ndiyo inalipa. Viwiko vinyooke kabisa, msukumo utoke mabegani, na uwe wa haraka. Ya kurudi nyuma ndiyo inatisha zaidi: unakaa kama mtu anayetafuta kiti ambacho hakipo, halafu unajirusha nyuma. Uoga ukikushika unaruka juu badala ya nyuma, na unashukia kichwa. Kwetu chini hakuna mkeka, ni godoro la kitandani, ama vumbi na vipande vya chupa. Ndiyo maana dogo aanze kwa kusimama na mikono ukutani, siku nyingi, mpaka mabega yakaze.

Hata wakubwa hawaikwepi. Ule mruko wa Simone Biles uliopewa jina lake kwa mashindano ya dunia Antwerp, 2023, unapitia hendispringi ya kurudi nyuma kwenye meza, mtindo unaoitwa kwa jina la Natalia Yurchenko wa Muungano wa Sovieti.

Na hapa Nairobi hii ni kazi, si mchezo wa watoto tu. Sarakasi Trust ilianzishwa 2001, na ukumbi wake Ngara ulikuwa sinema ya Shan. Wale jamaa watano wa Black Blues Brothers wametoka Nairobi na wamezunguka Ulaya na shoo yao, mpaka tamasha la Fringe kule Edinburgh. Wengine wanakula kwa harusi na hoteli za Pwani, wakingoja ajenti aitishe video. Ajenti akitaka hendispringi tano mfululizo na wewe utume samasoti, kazi imeenda kwa mwingine.

Ukibahatika ukapata mkataba, usianze na mshahara. Tafuta kwanza mstari unaosema nani atalipa hospitali kifundo cha mkono kikivunjika ukiwa huko ng'ambo. Kama haupo, mwambie auandike kabla hujatia sahihi.