Simu Haimjibu Mtoto

Msimu wa karafuu, Pemba hapana aliyekosa kazi. Jioni mama yuko jamvini anachambua, karafuu huku, makonyo kule, na mwanawe wa miaka miwili analilia mapaja. Akipewa simu ananyamaza. Ikichukuliwa, anajitupa chini.

Kilio hicho si ukaidi. Video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, na mtoto wa umri huo hajajua kujizuia. Akitulizwa kwa simu kila anapolia, anakosa nafasi ya kujifunza kujituliza.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni lugha. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina mara 12. Waliochezeshwa ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliotazama video za walimu walewale hawakujifunza. Mtu humwangalia mtoto usoni, husubiri, hujibu. Video huendelea na yake hata mtoto akiita.

Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Hata hivyo, madaktari wa watoto wa Marekani hawakatazi simu ya video hata kwa mtoto mchanga: baba aliye Maskati akimwita mwanawe, mtoto akicheka naye hucheka. Hapo kuna anayejibu.

Anayeyajua maneno ya mtoto ni mzazi. Kengeja, kusini mwa Pemba, watafiti waliowapa watoto madini ya chuma na dawa za minyoo walipima lugha kwa kuwauliza wazazi, na matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha kuwa chuma kilisaidia lugha. Basi nawe msikilize wako. Akifika miaka miwili na bado haungi maneno mawili, kama "mama njoo", mpeleke kituo cha afya.

Na jioni ya kuchambua? Mpe kipakacha na vifuu, atie, atoe. Vidole vinavyoshika na kugeuza vinajifunza mengi kuliko kinachoteleza juu ya kioo. Mtajie: hiki kikubwa, hiki kidogo, kingine kiko wapi? Kisha nyamaza, umsubiri ajibu. Karafuu zimekushika mikono. Mdomo bado ni wako na mwanao.