Njia Kongwe ya Kupakia Tovuti

Mtu aliyekwisha kuzitunga kurasa za tovuti yake katika kompyuta ya nyumbani, akayapanga maandishi na picha zake hata yakamridhisha, bado hajawaonyesha walimwengu kitu, maana kurasa hizo hazionekani mpaka zihamishiwe katika seva ya kampuni iliyomkodisha nafasi; na njia iliyozoeleka kwa kazi hiyo, ambayo umri wake wazidi umri wa wavuti yenyewe, ni ile ijulikanayo kwa herufi tatu, FTP.

Waraka wa kwanza wa kanuni zake uliandikwa mwezi wa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, miaka kumi na minane kabla ya Tim Berners-Lee kutoa shauri la wavuti. Zama hizo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache, nazo zilikuwa aghalabu za vyuo na maabara, ambamo watu walijuana na kuaminiana. Na kanuni zilizotengenezwa upya na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1985, ambazo ndizo msingi hata leo, zilibaki na athari ya uaminifu huo.

Ajabu ya FTP ni kwamba hutumia njia mbili kwa safari moja: amri hupita katika mlango wa 21, na faili zenyewe hupita katika njia nyingine inayofunguliwa kwa ajili yake. Hapo kale seva ndiyo iliyoifungua njia hii ya pili, kwa kuiita kompyuta ya mtumaji. Lakini mitandao ilipowekewa ulinzi wa kukataa wito wowote utokao nje, mtu akawa aingia vizuri kwa jina lake na neno lake la siri, kisha orodha ya faili isitokee kamwe, naye asijue kosa ni la nani. Dawa yake ni ile hali ambayo programu nyingi, kama FileZilla, huiita pasivu, ambamo mtumaji ndiye azifunguaye njia zote mbili.

Akiisha kuingia, faili huwekwa katika folda ya tovuti, ambayo katika seva nyingi huitwa public_html, na ukurasa wa mwanzo hupewa jina la index.html, naye akumbuke kwamba seva za Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hata picha iliyopakiwa kwa jina la Nyumba.JPG isionekane maadamu ukurasa waitaja nyumba.jpg.

Hayo yote ni mepesi kwa mwenye subira. Lililo zito ni kwamba FTP ya asili haifichi chochote: jina, neno la siri na faili zenyewe husafiri wazi, mfano wa barua isiyotiwa lakiri, na yeyote aliyejipenyeza njiani aweza kuzisoma, kisha akaingia katika seva kwa jina la mwenyewe na kuandika atakalo. Wala hii si hofu tupu, kwani ni wizi wa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake huko Ufini uliomfanya Tatu Ylönen aunde SSH, njia ya mawasiliano yaliyofichwa, mwaka 1995. Na juu ya SSH ndipo ijengwapo SFTP, ambayo hupita katika mlango wa 22, hali kila kitu kimefichwa. Iko pia FTPS, ambayo ni FTP ile ile iliyovikwa usiri. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliiacha kabisa FTP mwaka 2021, na kwa rai yangu vilifanya haki.

Basi ewe mwenye tovuti ya duka, ya shule au ya msikiti, uliyekabidhiwa amana ya majina na habari za watu, iulize kampuni yako kama inayo SFTP, na ikijibu kuwa haina, hamisha tovuti yako kwa wengine walio nayo.