Wakulima Walinzi wa Msitu wa Mlima Kenya

Mkulima wa Mwea afunguapo maji yaingie katika jaruba lake la mpunga, maji hayo yametoka mbali. Mito ya Thiba na Nyamindi yaanzia Mlima Kenya. Upande wa pili wa mlima, mito ya Nanyuki, Burguret na Naro Moru yateremka kuelekea Ewaso Ng'iro, ambako wafugaji hunywesha ng'ombe na ngamia.

Watu wengi hudhani kwamba maji haya yatoka katika barafu ya kilele. Sivyo. Barafu iliyobaki ni kidogo sana. Maji mengi ni ya mvua na ukungu, nayo hushikwa na msitu. Majani yaliyooza chini ya miti huyanywa, na udongo huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Mahali palipo wazi mvua huteremka siku ile ile, tena huchukua udongo mzuri.

Mwaka 1999 msitu huu ulichunguzwa kwa ndege, zikaonekana tanuri za makaa, mierezi iliyokatwa na hata mashamba ya bangi. Ilikuwa wazi kwamba askari wa msitu peke yao hawatoshi. Basi sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoshika nafasi yake, ziliwafungulia mlango majirani wa msitu. Wakulima huunda chama cha jamii cha msitu, hukiandikisha, huandika katiba yao na mpango wa kuutunza msitu, kisha hufanya mkataba na Shirika la Misitu la Kenya.

Mkataba waweza kuwapa wanachama ruhusa ya kuweka mizinga, kukata majani ya ng'ombe, kulisha mifugo, kuokota kuni na kuchimba dawa. Nao wana kazi yao: kutoa habari za wakataji wa miti, na kusaidia kuzima moto. Moto si jambo dogo huko. Ule wa Machi 2012 uliunguza sehemu kubwa ya mlima.

Lakini jambo liletalo maneno mengi ni shamba. Desturi ya kulima ndani ya misitu ya kupandwa ilianza Kenya mwaka 1910, ikapigwa marufuku mwaka 1987, na baadaye ikarudishwa. Sheria yaruhusu mwanachama kulima mahali palipovunwa miti ya mbao, kama saipresi, wala si katika msitu wa asili. Hupanda viazi, maharagwe au kabichi katikati ya miche, na kuipalilia yote pamoja. Haruhusiwi kujenga wala kukaa humo. Baada ya miaka mitatu hivi miti hutia kivuli, naye hana budi kutoka.

Hapa ndipo penye hatari. Mche ukistawi, shamba limekwisha. Mche ukifa, shamba labaki. Kwa hiyo wako wanaokata mizizi kwa jembe usiku, au kupogoa matawi kupita kiasi ili kivuli kichelewe. Ofisa wa misitu hawezi kuona kila mche, ila jirani wa shamba huona. Kwa maoni yetu chama hupimwa hapo. Kikiogopa kumnyang'anya shamba mwanachama mwenye kuua miche, hata akiwa mzee wa kamati, hicho ni chama cha viazi tu. Na tusimlaumu sana mkulima asiye na ardhi kwa kuona uchungu wa kutoka. Afaa aambiwe tarehe ya kutoka siku ile ile apewapo shamba, si baadaye.

Mwenye kutaka kujiunga aende katika stesheni ya misitu iliyo karibu naye, aulize chama cha msitu ule, na aombe asomewe mkataba. Alipapo ada yo yote, adai risiti. Mtu akimwuzia shamba la msitu pembeni ya njia, asinunue: mashamba hayo hayauzwi.