Maana ya Neno «Gulio»

Ninyi wenyeji wa vijiji vilivyo karibu na machimbo, neno soko mnalijua. Mnasema soko la Kadutu, soko la Nyawera, soko la Mudaka. Lakini liko neno la pili, gulio, ambalo wengi wenu hulikuta katika vitabu tu. Inafaa kulijua, maana linafundisha jambo ambalo mkulima asipolishika, hupoteza mali yake kila mavuno.

1. Neno limetoka wapi

Soko limetoka katika Kiarabu, na lililetwa huku na wafanya biashara wa pwani. Wanyarwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, wanasema isoko. Lakini gulio ni neno la Kibantu. Mshi akitaka kusema kununua, husema okugula. Mnyarwanda husema kugura. Muganda naye husema okugula. Watu wa Lamu zamani walisema kuula, na katika neno hilo limezaliwa neno kuuza, maana kuuza ni kumfanya mwingine anunue. Basi, kununua na kuuza ni mama na mtoto. Gulio ni mahali wanapokutana.

2. Gulio na soko si sawasawa

Soko la mjini, kama lile la Kadutu katika Bukavu, lina watu karibu kila siku. Wengi wanaouza pale hawakulima. Wamenunua kwa wengine, nao wanauza tena. Gulio lina siku yake. Siku hiyo uwanja hujaa watu, mihogo, maharagi, ndizi na kuku. Siku nyingine uwanja ni mtupu, na mbuzi hula majani pale.

Katika Tanzania neno hili lasemwa sana. Huko Katerero, karibu na Bukoba, gulio limekuwa mashuhuri mpaka jina lake na jina la mahali husemwa pamoja. Sehemu nyingine huliita chete. Pale panapouzwa ng'ombe na mbuzi huitwa mnada, maana yake mahali pa kunadi, yaani kutangaza bei kwa sauti.

3. Kitu gani kinafanya gulio?

Je, uwanja peke yake ni gulio? Hapana. Zinatakiwa nguzo tatu. Ya kwanza, siku inayojulikana na wote. Ya pili, mkulima awepo mwenyewe, au mtu wake anayemwamini. Ya tatu, wanunuzi wawe wengi. Nguzo moja ikianguka, nyumba yote huanguka.

Tazameni mfano wa zamani. Sheria ya mwaka 1917 iliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao yaliyoamriwa. Pamba iliuzwa siku iliyowekwa, mahali palipowekwa, na kwa bei iliyowekwa mbele. Siku ilikuwapo, na mkulima alikuwapo, lakini hakuwa na wanunuzi wawili wa kuchagua. Basi lile liliitwa soko, lakini halikuwa gulio.

Sheria ile imekwisha. Lakini jambo lenyewe hurudi kwa njia nyingine. Zamani kampuni za migodi ziliwapa wafanya kazi wao posho ya chakula. Leo, katika Kamituga na mahali pengine, wachimbaji wa mikono hununua chakula wenyewe, nao ni wengi. Mchuuzi anajua hayo. Anapanda mpaka mlangoni penu, hata kabla ya mavuno, na kusema: «Niuzieni sasa, nina faranga mkononi.» Mlangoni hapo mnunuzi ni mmoja, na kopo la kupimia ni lake.

4. Hesabu

Bei za hesabu hii ni za kufundishia tu. Tuseme mna maharagi ya makopo 70, yaliyopimwa sawa na mdomo wa kopo. Mchuuzi hupima kwa kilima, yaani hujaza mpaka maharagi yamwagike. Kwa kipimo chake makopo 70 huwa 60. Anatoa faranga 1,500 kwa kopo. Mnapata 90,000.

Gulioni kopo lililo sawa ni faranga 2,000. Makopo 70 ni 140,000. Toeni 12,000 za kubebesha na 3,000 za ushuru. Zinabaki 125,000. Tofauti ni faranga 35,000, nazo zatosha kununua majembe au kulipa sehemu ya karo ya mtoto.

Lakini tusidanganyane. Mtu mwenye makopo 10 tu, akilipa 6,000 za kubebesha, hapati faida ya maana. Gharama ya njia inakula ile bei nzuri. Huyo afanye nini? Achange mzigo na jirani zake, wamlipe mbebaji mmoja, na wamtume mtu mmoja mwaminifu.

5. Mambo ya kushika

Pimeni mazao nyumbani kwa kopo lenu, mbele ya mke na watoto, mkaandike hesabu.

Kabla ya kuuza, mtumeni mtu gulioni aulize bei kwa wauzaji watatu, si mmoja.

Msiuze maharagi yangali shambani. Anayeuza shamba la kijani anauza asichokihesabu.

Tengeni mbegu kwanza, kisha chakula cha nyumbani. Kinachobaki ndicho cha gulioni. Mkulima aliyeuza mbegu atazinunua tena wakati wa kupanda, na wakati huo bei huwa juu.

Mkikubaliana kupima, ulizeni kwanza: «Ni kilima au ni sawa?» Neno hilo moja lisemwe kabla ya bei.

Mchuuzi si adui. Anabeba mzigo, anapita njia mbaya, naye anastahili faida yake. Lakini akija mlangoni, mwe mmekwisha kuijua bei ya gulio. Hapo mtaweza kumjibu ndiyo au hapana kwa akili, hata mkiwa mmekaa nyumbani kwenu.