Mkataba uliovuja na kinga ya mbunge

Katikati ya mwaka 2014 nyongeza ya mkataba baina ya TPDC, shirika la umma la petroli, na kampuni ya Statoil ya Norway, kuhusu gesi ya Kitalu Na. 2 katika bahari ya kusini, ilivuja mtandaoni. Walioilinganisha na mkataba wa mfano wa Serikali waliona fungu la Taifa limepungua. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini na mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, akalivalia njuga suala hilo.

Mvuvi wa Kibirizi, mjini Kigoma, ana sababu ya kujali gesi ya huko baharini. Oktoba 2013 Serikali ilikuwa imenadi vitalu vipya vya utafutaji, kimojawapo Ziwa Tanganyika Kaskazini. Maji anayovulia dagaa yangeweza kuwekewa mkataba wa aina hiyohiyo, naye asione hata ukurasa mmoja.

Uvujaji una kasoro ambayo watetezi wake huipitia juu juu. Nyongeza husomwa pamoja na mkataba mama, na mkataba mama ulibaki kabatini. Mrabaha na kodi navyo vina hesabu zake. Kwa hiyo watu walibishana kwa kipande. TPDC ilijieleza, lakini nani atamwamini kirahisi anayefafanua karatasi aliyoificha mwenyewe? Novemba mwaka huo Kamati ikaagiza viongozi wawili wa shirika hilo wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayomtaka waziri aiweke mikataba hadharani.

Mwaka huohuo wa 2014 David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alilipua bungeni sakata la fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Yeye na Zitto walikingwa na ibara ya 100 ya Katiba: mbunge hashtakiwi mahakamani kwa aliyoyasema bungeni. (Bunge lenyewe ni jambo jingine, mwaka 2007 lilimsimamisha Zitto kwa hoja yake ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi.)

Kijana wa Ujiji akiirusha karatasi ileile kwa simu yake, kinga hiyo hana. Ibara ya 18 inampa uhuru wa maoni, lakini mbele yake iko Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayomgusa anayesambaza data bila kibali. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa, nayo ya 2015, humkinga anayezipeleka kwa mamlaka husika. Anayeziweka mtandaoni hayumo.

Amebakiwa na barua ya kuomba taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kumjibu. Kifungu cha 6 kinataja yanayoweza kuzuiwa: usalama wa Taifa, ambao naukubali, na maslahi halali ya kibiashara, ambayo kwa mikataba ya rasilimali za umma ningeyaondoa kesho asubuhi. Kampuni inayochimba mali ya wananchi haina biashara ya faragha nao.