Riale Zetu Tumeziyeyusha

Kila asubuhi redio hututajia bei ya dola, nasi huisikia kama kwamba ni mgeni aliyeshuka bandarini jana. La, si mgeni. Dola na mwambao ni jamaa wa siku nyingi, ila sisi tulimjua kwa jina jingine.

Mnamo mwaka 1520 hivi, katika bonde la Joachimsthal huko Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, zilipigwa sarafu kubwa za fedha zikaitwa kwa jina la bonde hilo. Jina lilikuwa refu, likakatwa likawa thaler, na kutoka hapo Waingereza wakapata neno lao la dola. Mojawapo ya sarafu za ukoo huo, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ilishuka kwa Bahari ya Shamu ikafika Maskati, Lamu, Mombasa na Unguja. Wazee wetu waliiita riale, na wengine wakaiita fedha ya Shamu. Kwa riale watu walioza binti zao, wakanunua mashamba ya karafuu, wakaandikiana madeni. Hata lugha yetu ni shahidi, kwani mpaka leo twaziita pesa zote "fedha," ijapokuwa noti ni karatasi na sarafu za mfukoni ni chuma.

La ajabu ni kwamba malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake haikufa. Iliendelea kupigwa Vienna, na baadaye hata London, Birmingham, Roma na Bombay, na kila moja ikaandikwa mwaka ule ule wa 1780, maana wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika hawakuikubali nyingine. Kiwanda cha Vienna chaipiga hata leo, kwa wanaotaka kuiweka kabatini tu.

Habari hii ya kuweka sarafu kabatini ndiyo niliyokutana nayo mahali nisipopatazamia kabisa, nako ni Silibwet, katika Kaunti ya Bomet. Huo ni mji mdogo wa soko katika nchi ya majani chai, mbali na bahari kiasi cha mtu kusahau harufu ya chumvi. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba, na wachumaji huingia ndani yake na vikapu migongoni. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu mwenye duka la nguo huko. Siku ya pili akaniambia, "Mjomba, yuko mzee jirani yangu hapa ambaye nyinyi wawili mtapatana. Naye apenda mambo ya kale."

Mzee huyo ni Mkipsigis, amestaafu ufundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Tuliamkiana kwa "Chamgei" yao, akaniletea chai ya maziwa, kisha akatoa mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na sarafu, kila moja imefungwa katika karatasi yake, na juu ya karatasi ameandika kwa mkono wake mambo mawili: mwaka wa sarafu, na sababu ya kutolewa kwake. Ilikuwapo shilingi ya mwaka 1966, ya mkupuo wa kwanza wa sarafu za Kenya huru. Ilikuwapo ya shilingi 40 ya mwaka 2003. Chini kabisa, katika kikasha cha plastiki kinachoonyesha ndani, ilikuwamo dola moja ya fedha ya Marekani, ing'aayo kama maji ya kisima yanapopigwa na jua.

"Sheikh, ukiitoa, ishike ukingoni," aliniambia. "Kidole kikigusa uso wake kitaacha alama isiyoondoka."

Nikamwuliza aliipata wapi. Akasema alipewa na daktari mgeni wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Tenwek, ambayo iko karibu na hapo, siku alipokuwa akirudi kwao.

"Nayo yanunua nini, mzee?"

"Hainunui kitu," akacheka. "Kwao yenyewe haifiki kikombe cha chai. Hii si ya kununulia, ni ya kukumbukia."

Yafaa nimweleze msomaji ni sarafu ya namna gani. Kwa Kiingereza huitwa pruufu, yaani sarafu ya kielelezo. Zamani mafundi walipiga chache za aina hii ili kuukagua muhuri kabla ya kupiga sarafu za sokoni. Siku hizi hupigwa kwa ajili ya wakusanyaji. Kipande cha fedha husuguliwa kwanza mpaka kilainike, na muhuri wenyewe hung'arishwa. Kisha kipande hupigwa zaidi ya mara moja, polepole na kwa nguvu. Ndiyo maana uwanja wa sarafu huwa kama kioo, na picha juu yake huonekana nyeupe kama iliyomwagiwa unga.

Dola ya mzee ilitolewa mwaka 1986, kuadhimisha miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru iliyo katika bandari ya New York. Uzani wake ni gramu 26.73, na katika kila sehemu 10, sehemu 9 ni fedha. Kila aliyeinunua serikalini alitozwa dola 7 zaidi, zikaenda katika mfuko wa kuitengeneza sanamu hiyo pamoja na kisiwa cha Ellis, walikopokewa wahamiaji waliofika na mizigo yao kichwani. Basi sarafu yenyewe ilisaidia kulijenga lile jambo inalolikumbusha. Sisi tunaojua maana ya wakfu hatuwezi kulidharau wazo hilo.

Sasa ikaja shida ya mzee. Kijana wake wa kwanza amesikia mjini kwamba pesa kama hii yauzwa kwa mamilioni, naye amshikilia baba yake auze mkebe mzima, anunue ng'ombe wa maziwa. Mzee hataki, lakini hana hoja. Nikamwambia nijualo. Dola za aina hii za mwaka 1986 zilipigwa zaidi ya milioni 6, na kitu kilicho mikononi mwa watu milioni 6 si nadra. Bei yake haiendi mbali sana na bei ya fedha iliyomo ndani, nayo ni gramu 24 hivi. Haitanunua ng'ombe, labda kamba ya kumfungia.

Mzee akapiga goti lake kwa furaha. "Basi nimeshinda mimi! Kama haina bei, ataniachia."

Nimelifikiri sana neno hilo tangu siku ile. Wengi wetu hukiweka kitu tukidhani kina bei, na tukiambiwa hakina, hukitupa. Yeye alifurahi kuambiwa bei ni ndogo, kwa kuwa asili yake hakukiweka kwa bei. Alikiweka kwa ile sababu aliyoiandika juu ya karatasi.

Ama Kenya yenyewe ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1966 zilitolewa sarafu tatu za dhahabu, za shilingi 100, 250 na 500, kuadhimisha kutimia miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta, ijapokuwa mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote kwa yakini. Baada yake sura ya Rais Moi ikaingia katika sarafu za sokoni kuanzia mwaka 1980. Mwaka 2003 ikatoka ile ya shilingi 40, ya miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki. Hiyo haikufungiwa kabatini, ilizunguka masokoni, na wengi waliinunulia mkate bila ya kuitazama mara mbili. Kisha katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa katika noti na sarafu. Tarehe 11 Desemba 2018 zikatoka sarafu za wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu. Mwenye kuzipanga zote mezani kwa miaka yake atausoma utawala wa nchi nzima bila ya kufungua kitabu.

Nasi wa mwambao je? Hapo ndipo nilipoona haya mbele ya mkebe wa biskuti. Sisi tulikuwa na sarafu zenye kutaja miji yetu kabla Nairobi haijawa mji. Sayyid Barghash wa Unguja alipigisha riale yake mwaka 1299 wa Hijria, yaani mwaka 1882, nayo haina sura ya kiumbe, ni maandishi ya Kiarabu matupu yenye jina lake. Ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha ya mwaka 1888, na juu yake limeandikwa jina la Mombasa. Mwaka 1908 Sayyid Ali bin Hamud alitoa senti zenye mti wa mnazi. Hebu, msomaji, ingia nyumba kumi za mtaani kwako uulize. Utaambiwa nyanya alikuwa nazo. Utaambiwa zilipelekwa kwa sonara zikayeyushwa, zikawa bangili, na bangili nazo zikauzwa mwaka wa njaa. Sitamlaumu mtu aliyeuza fedha ili wanawe wale, maana hiyo ndiyo kazi ya mali. Lakini nyingi hazikuuzwa kwa njaa. Ziliuzwa kwa kilo, kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena kusoma jina lililoandikwa juu yake.

Najua msomaji mcha Mungu ataniuliza, "Je, kuweka fedha na dhahabu kabatini si ndiko kule tulikoonywa katika Suratu Tawba?" Swali ni zuri, na jibu tulilolisoma chuoni ni kwamba onyo ni kwa anayelimbikiza asitoe haki yake. Nisabu ya fedha, kwa hesabu inayotumiwa sana na wanavyuoni wa leo, ni gramu 595, na ya dhahabu ni gramu 85. Ikitimia nisabu na ukapita mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Riale moja ya Shamu ina fedha safi ya gramu 23 na kitu, basi riale 26 zatimiza nisabu. Dola za fedha kama ile ya mzee, 25 zatosha. Zile tatu za dhahabu za mwaka 1966 zina uzani wa gramu 64.6, na dhahabu safi ndani yake ni kama gramu 59. Peke yake hazifiki, lakini mwenye dhahabu nyingine ya akiba na aijumlishe. Asiseme ati ni pambo, kwani pambo huvaliwa. Anayenunua na kuuza sarafu kama biashara, hesabu yake ni ya mali ya biashara, naye na akae na shekhe wake. Na ununuzi wa dhahabu na fedha ni mkono kwa mkono. Wenye kununua kwa ahadi na malipo ya mwezi baada ya mwezi na waulize kabla ya kutia saini.

Liko jambo jingine dogo, nalo limeharibu sarafu nyingi kuliko wezi. Hewa yetu ya bahari huifanya fedha kuwa nyeusi, na dawa yetu ya jadi ni jivu na ndimu. Bangili itang'ara, hapana shaka. Lakini sarafu ya kale ikisuguliwa huondoka ngozi yake pamoja na maandishi yake, na mjuzi akiiona hutikisa kichwa. Weusi si uchafu, ni umri. Iache ilivyo, ishike ukingoni, iweke mahali pakavu, mbali na mkoba wa plastiki unaonata.

Basi ikiwa nyumbani mwako imesalia riale moja, au rupia moja ya Mombasa, usikimbilie kuipima. Keti na mzee aliye hai umwulize ilitoka wapi: ni ya mahari ya nani, ni ya shamba gani, ilishuka kwa jahazi la nani. Andika maneno hayo katika karatasi, uifungie humo, na uwaonyeshe wanao. Kama huna wa kumwachia, makumbusho ya Ngome ya Mombasa na ya Lamu yapo. Ukiwa huna budi kuuza, uza, lakini uisome kwanza. Wako watu wa bara walioshika sarafu ya nchi ya ng'ambo wakajua kila herufi iliyo juu yake. Haitakuwa vyema sisi tushindwe kusoma iliyoandikwa jina la mji wetu.